Mbolea Ikibaki Shambani, Ikiingia Majini: Mwongozo kuhusu Mwani wa Bluu-Kijani kwa Wakulima na Watumiaji wa Maji wa Mbeya na Iringa

Mwishoni mwa kiangazi, kati ya Septemba na Novemba, maji ya malambo na mabwawa katika Nyanda za Juu Kusini hupungua, hupata joto na hutulia. Katika kipindi hicho baadhi ya malambo hufunikwa na utando wa kijani, mithili ya rangi ya nyumba iliyomwagwa juu ya maji. Mwananchi anayeuona utando huo hujiuliza maswali matatu: Je, umeletwa na mbolea ya dukani? Je, maji haya yanafaa kunyweshwa mifugo? Je, yakichemshwa yanafaa kunywewa na binadamu?

Majibu kwa ufupi ni haya. Mbolea ni mojawapo ya vyanzo vya utando huo, ingawa si chanzo pekee. Maji yenye utando huo yasinyweshwe mifugo. Kuyachemsha hakuondoi sumu inayoweza kuwamo. Makala hii inaeleza sababu za majibu hayo, na inaonesha kwamba hatua zinazoyakinga maji ndizo pia zinazomkinga mkulima na hasara ya kulipia mbolea ambayo mazao yake hayakuila.

Mwani wa bluu-kijani ni nini?

Ijapokuwa huitwa mwani, viumbe hawa kwa asili ni bakteria, na wataalamu huwaita sianobakteria. Ni wadogo mno. Mmoja mmoja haonekani kwa macho. Kama ilivyo kwa mimea, hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Ni miongoni mwa viumbe wa kale kabisa duniani, na hupatikana katika karibu kila maji: mtoni, ziwani, kwenye jaruba la mpunga, hata juu ya udongo wenye unyevu.

Wengi wao hawana madhara na baadhi yao wana faida. Katika majaruba ya mpunga, aina kama Anabaena huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mimea bila malipo yoyote. Katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, mwani wa aina hii ndio chakula kikuu cha heroe wadogo. Kwa hiyo kuwapo kwa mwani huu majini si tatizo. Tatizo huanza pale unapozaliana kwa kasi kupita kiasi na kuyatawala maji yote.

Ili uzaliane hivyo, unahitaji mambo manne kwa pamoja: mwanga wa jua, joto, maji yaliyotulia na virutubishi vya kutosha. Jua na joto hatuwezi kuvizuia. Utulivu wa maji ni hali ya kawaida ya lambo na bwawa. Jambo la nne, yaani virutubishi, ndilo lililo mikononi mwetu.

Kwa nini mbolea huukuza mwani

Virutubishi vinavyoukuza mwani ni vilevile vinavyokuza mahindi: naitrojeni na fosforasi. Mbolea ya DAP au urea ikifika majini, haibadiliki kuwa kitu kingine. Huendelea kufanya kazi iliyotengenezwa kuifanya, ila mlaji amebadilika.

Kati ya virutubishi hivyo viwili, fosforasi ndiyo ambayo kwa kawaida hupatikana kwa uchache zaidi katika maji masafi ya mtoni na ziwani. Kwa sababu hiyo ndiyo inayouzuia mwani usizidi. Ikiongezwa, kizuizi huondoka. Jambo hili lilithibitishwa waziwazi nchini Kanada mwaka 1973, katika jaribio lililoongozwa na mwanasayansi David Schindler. Ziwa dogo liligawanywa kwa pazia zito la plastiki. Upande mmoja uliwekewa kaboni na naitrojeni. Upande wa pili uliwekewa kaboni, naitrojeni na fosforasi. Upande wenye fosforasi uligeuka kijani kwa wingi wa mwani wa bluu-kijani, na upande wa pili ukabaki karibu na hali yake ya awali.

Naitrojeni nayo ina nafasi yake. Baadhi ya aina za mwani huu hujipatia naitrojeni kutoka hewani, hivyo kuipunguza majini peke yake hakuzizuii. Aina nyingine, kama Microcystis, haziwezi kufanya hivyo na hutegemea naitrojeni iliyomo majini, ikiwamo ile iliyotoka kwenye urea. Ndiyo maana ushauri wa kitaalamu ni kuvizuia virutubishi vyote viwili, na kuipa fosforasi uzito wa kwanza.

Ni muhimu pia kufahamu kwamba virutubishi hivi husafiri kwa njia tofauti. Naitrojeni huyeyuka upesi na kusafiri na maji yenyewe, ama yakitiririka juu ya ardhi ama yakizama chini. Fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo, hasa udongo mwekundu wenye chuma na alumini nyingi kama ule unaopatikana katika sehemu kubwa ya nyanda zetu. Husafiri pale udongo wenyewe unaposafiri. Mto unapogeuka rangi ya tope baada ya mvua kubwa, sehemu ya mbolea ya kupandia imo katika tope hilo. Kwa hiyo kuzuia mmomonyoko wa udongo ni kuzuia fosforasi kufika majini.

Kiasi kidogo shambani, kiasi kikubwa majini

Mfuko wa DAP wa kilo 50 una alama 18-46-0. Maana yake ni kwamba una asilimia 18 ya naitrojeni, yaani kilo 9, na asilimia 46 ya fosforasi katika umbo la oksidi yake, yaani kilo 23. Ukiitenga fosforasi yenyewe kutoka katika oksidi hiyo, unapata takriban kilo 10 kwa kila mfuko.

Sasa tuseme nusu kilo ya mbolea hiyo imesombwa na mvua hadi kwenye lambo la kijiji. Hiyo ni asilimia moja tu ya mfuko, na mkulima hawezi hata kuona kwamba imepungua. Nusu kilo hiyo ina takriban gramu 100 za fosforasi. Maji ya ziwa au bwawa huanza kuhesabiwa kuwa yamerutubishwa kupita kiasi pale fosforasi inapofikia takriban miligramu 0.035 kwa lita. Kwa kipimo hicho, gramu 100 zinatosha kufikisha katika hali hiyo maji safi ya lita milioni 2.8, sawa na lambo lenye urefu wa mita 40, upana wa mita 35 na kina cha mita 2. Wataalamu pia hukadiria kwamba kilo moja ya fosforasi inaweza kuzalisha hadi kilo 500 za mwani mbichi. Gramu 100, basi, zinaweza kuzalisha hadi kilo 50.

Si fosforasi yote inayofika majini hutumiwa na mwani papo hapo, kwani nyingine hubaki imeshikwa na tope. Hata hivyo, hesabu hii inaonesha kwa nini mkulima mwaminifu anaweza kusema kwa dhati kwamba hajapoteza mbolea, na lambo likawa na virutubishi vya kuligeuza kijani. Kinachopotea katika shamba moja ni kidogo. Kinachokusanyika kutoka mashamba yote ya mteremko mmoja ni kingi.

Kwa urea, hasara ni kubwa zaidi na humgusa mkulima mwenyewe. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Urea ikimwagwa juu ya maji ya jaruba la mpunga, mara nyingi mmea hupata chini ya nusu ya naitrojeni hiyo. Inayobaki hupotea hewani au hutoka na maji. Aliyenunua mifuko miwili kwa namna hiyo amelisha mpunga wake kwa mfuko mmoja au pungufu.

Maji ya Mbeya na Iringa huishia wapi

Mashamba ya nyanda zetu yako kwenye vyanzo vya maji yanayotumiwa na watu wengi walio mbali nasi. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera hushuka katika bonde la Usangu, hupita katika skimu za mpunga za Mbarali na kuingia katika ardhioevu ya Ihefu, ambako Mto Ruaha Mkuu hutoka na kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto Ruaha Mdogo hupita katika mji wa Iringa kabla ya kuungana na Ruaha Mkuu. Maji hayo hufika bwawa la Mtera, lenye mitambo ya umeme ya megawati 80 na wavuvi wengi wanaolitegemea, kisha bwawa la Kidatu lenye megawati 204, na hatimaye Mto Rufiji na bwawa la Julius Nyerere.

Miteremko ya Rungwe inayotazama kusini hupeleka maji yake Ziwa Nyasa kupitia mito kama Kiwira na Mbaka. Upande wa magharibi, maji huelekea Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kulitoa maji. Kinachoingia humo kikiwa kimeyeyuka majini au kikiwa tope, hubaki humo.

Mpangilio wa misimu yetu huongeza uzito wa suala hili. Mbolea ya kupandia huwekwa kati ya Novemba na Desemba, na ya kukuzia kati ya Januari na Februari, wakati mvua ni kubwa. Virutubishi vinavyosombwa miezi hiyo hufika mabwawani maji yakiwa mengi, ya baridi na yenye tope, kwa hiyo mwani hauonekani. Vingi hutua chini pamoja na tope. Kiangazi kinapofika, maji hupungua, hutulia, hupata joto, na jua hupenya. Tope la chini likikosa hewa ya oksijeni, huiachilia fosforasi iliyoshikwa. Utando unaoonekana Oktoba unaweza kuwa umelishwa na mbolea ya Januari. Ndiyo maana watu wengi hawauhusishi utando huo na kilimo.

Mto Ruaha Mkuu wenyewe unatupa mfano wa karibu wa namna virutubishi na maji yaliyosimama vinavyofanya kazi pamoja. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukiacha kutiririka ndani ya hifadhi nyakati za kiangazi na kubaki madimbwi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba katika madimbwi yenye viboko wengi, kinyesi chao hurutubisha maji kupita kiasi, oksijeni hupungua sana na aina za samaki hupungua. Mto unaporejea kutiririka, tofauti hiyo hufutika. Viboko hawatumii mbolea ya dukani, lakini kanuni ni ileile: kirutubishi kikikutana na maji yasiyotembea, maji huharibika.

Kwa sababu hiyo, haki inatutaka tusiibebeshe mbolea ya viwandani lawama yote. Samadi iliyorundikwa kando ya mto, maji taka ya miji, vyoo vilivyojengwa karibu na maji na udongo unaomomonyoka navyo huleta fosforasi. Katika Ziwa Victoria, ambako tangu miaka ya 1960 virutubishi vimeongezeka sana na mwani wa bluu-kijani umechukua nafasi ya aina nyingine za mwani, vyanzo ni vingi: mmomonyoko, maji taka, vumbi na moshi unaotua ziwani, pamoja na kilimo. Sumu ya mwani huo imepimwa katika Ghuba ya Mwanza na katika ghuba iliyo Kisumu. Ni gharama kubwa na kazi ya miaka mingi kulirudisha ziwa katika hali yake likishafika hapo. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna nafasi ya kuchukua hatua mapema.

Madhara kwa watu, mifugo na samaki

Baadhi ya aina za mwani huu hutengeneza sumu. Inayojulikana zaidi ni mikrosistini, ambayo hushambulia ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita katika maji ya kunywa yanayotumiwa kwa muda mrefu. Sumu nyingine hushambulia mishipa ya fahamu, na kugusa utando wenyewe kunaweza kusababisha muwasho wa ngozi na macho.

Madhara haya si ya kufikirika. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazili, wagonjwa zaidi ya 50 waliokuwa wakisafishwa damu walifariki baada ya maji yaliyotumika kuwa na sumu ya mwani huu. Mwezi Agosti 2014, wakazi wapatao laki nne wa Toledo nchini Marekani waliamriwa wasinywe maji ya bomba kwa takriban siku tatu, kwa kuwa mwani wa Ziwa Erie ulikuwa umefika kwenye chanzo chao. Virutubishi vilivyoulisha mwani huo vilitoka hasa mashambani. Mwaka 2020 nchini Botswana tembo zaidi ya 300 walikufa, na serikali ya nchi hiyo ilieleza kuwa chanzo ni sumu ya sianobakteria katika madimbwi waliyokunywa.

Mifugo ndiyo iliyo hatarini zaidi katika mazingira yetu. Upepo huusukuma utando hadi ukingoni mwa lambo, mahali hasa ng'ombe anaposimama kunywa. Samaki nao huathirika kwa njia nyingine: usiku mwani hutumia oksijeni badala ya kuitoa, na unapokufa na kuoza hutumia oksijeni zaidi. Samaki hukosa pumzi na kufa, mara nyingi alfajiri.

Tahadhari mbili zinahitaji kusisitizwa. Kwanza, kuchemsha maji huua vimelea vya kuhara lakini hakuharibu mikrosistini. Kunaweza kupasua chembe za mwani na kuiachia sumu iliyokuwa ndani yake. Pili, usimwage mrututu lamboni ili kuua mwani. Mwani unaokufa kwa pamoja huachia sumu yake yote mara moja, na mrututu wenyewe huua samaki.

Jinsi ya kuutambua

Si kila kijani juu ya maji ni mwani wenye hatari. Vaa glovu au mfuko wa plastiki mkononi, kisha fanya majaribio haya mawili.

Jaribio la kijiti: pitisha kijiti kirefu kwenye utando. Kikitoka na nyuzi ndefu za kijani kama nywele zilizolowa, huo yaelekea ni mwani wa kawaida. Kikitoka kana kwamba kimechovywa katika rangi, chukua tahadhari.

Jaribio la chupa: jaza maji robo tatu ya chupa inayopenya mwanga, ifunge, na uiache bila kuitikisa hadi kesho yake. Mwani wa bluu-kijani una vifuko vidogo vya hewa na mara nyingi huelea, hivyo utaona pete ya kijani juu. Kijani kikizama chini, yaelekea si mwani huo.

Majaribio haya huashiria tu. Uthibitisho hutoka maabara. Unapokuwa na shaka, zuia mifugo na watoto, tafuta chanzo kingine cha maji, na toa taarifa kwa afisa mifugo, afisa afya wa kata au bodi ya maji ya bonde lako. Bodi ya Bonde la Rufiji ina makao yake Iringa, ya Ziwa Rukwa yako Mbeya, na ya Ziwa Nyasa yako Tukuyu.

Namna ya kuibakiza mbolea shambani

Lengo la mwongozo huu si kumkataza mkulima kutumia mbolea. Azimio la Abuja la mwaka 2006 liliweka lengo la kilo 50 za virutubishi kwa hekta kwa nchi za Afrika, na wakulima wetu wengi bado wako chini ya hapo. Mahindi, viazi, chai na mpunga wa nyanda hizi vinahitaji mbolea. Kinachotakiwa ni mbolea iliyonunuliwa ifike kwenye mzizi wa zao.

1. Pima udongo kabla ya kununua. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, ni mahali pa kuanzia, na afisa ugani wa kata atakuelekeza namna ya kuchukua sampuli. Udongo wenye tindikali nyingi huifunga fosforasi, na huenda ukahitaji chokaa kabla ya kuongezewa DAP.

2. Fukia mbolea ya kupandia. Weka kipimo kilichoshauriwa ndani ya shimo, funika kwa udongo kidogo, kisha weka mbegu. Ukitumia kisoda, kijaze kwa usawa, si kwa mlundikano. Mbolea iliyofukiwa haisombwi kirahisi, wala haiunguzi mbegu.

3. Gawanya mbolea ya kukuzia. Kuweka urea au CAN mara mbili kwa vipimo vidogo ni bora kuliko mara moja kwa kipimo kikubwa, kwa kuwa mmea mdogo hauwezi kula yote. Usiweke mvua kubwa ikiwa imetanda; subiri ipite, weka udongo ukiwa na unyevu, na ufukie.

4. Katika majaruba, dhibiti maji. Punguza maji kabla ya kuweka urea, iweke kwenye tope, kisha rudisha maji. Usifungue jaruba lako kwa siku 5 hadi 7 baada ya hapo. Hakikisha kingo hazivuji. Urea ya vidonge vikubwa inayofukiwa ndani ya tope hupunguza upotevu zaidi.

5. Zuia udongo usiondoke. Lima kwa kukinga mteremko, tengeneza matuta ya kontua, panda majani kama vetiva kwenye kingo, na acha mabaki ya mazao yafunike ardhi. Hatua hii peke yake hupunguza sana fosforasi inayofika mtoni.

6. Acha ukanda wa majani kando ya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa. Jambo hili linawahusu kwa namna ya pekee wakulima wa vinyungu katika mabonde ya Iringa, kwa kuwa mbolea ya kinyungu ndiyo yenye safari fupi kuliko zote kufika majini. Wasiliana na serikali ya kijiji na bodi ya bonde kuhusu mahali panaporuhusiwa kulimwa.

7. Hesabu samadi kama mbolea. Samadi na mboji huboresha udongo na kuusaidia kushika virutubishi, lakini navyo vina fosforasi. Ukiweka samadi nyingi, punguza DAP. Usirundike samadi mahali ambapo maji ya mvua hupita.

Unaponunua na unapohifadhi

Upotevu wa mbolea huweza kuanza dukani. Mbolea isiyo na kiwango kilichoandikwa humfanya mkulima aongeze kipimo bila kujua anaongeza nini. Kwa mujibu wa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, mbolea inayouzwa nchini sharti iwe imesajiliwa na muuzaji awe na leseni. Soma mfuko: jina la mbolea, namba tatu za virutubishi, uzito na jina la mtengenezaji viwe vinasomeka. Kataa mfuko ulioshonwa upya au uliofunguliwa. Dai stakabadhi na uitunze hadi mavuno.

Nyumbani, hifadhi mbolea juu ya mbao au chaga, mahali pakavu, mbali na chakula na mbali na watoto. Mbolea ikimwagika, izoe na uipeleke shambani. Usiioshe kwa maji. Usifue mifuko ya mbolea mtoni wala lamboni, na usiitumie kuhifadhia nafaka au kuchotea maji. Mabaki yanayoshikamana na mfuko mmoja ni machache, lakini kijiji kizima kikifua mifuko yake katika kijito kimoja, ile nusu kilo tuliyoitaja mwanzoni hutimia haraka.

Kabla ya msimu ujao, pita kwenye shamba lako siku ya mvua na uangalie maji yanakotokea, yanakopita na yanakoishia. Ukiyaona yakitoka mekundu na kuelekea kijitoni, hapo ndipo pa kuanzia: weka tuta, panda majani, na uzungumze na jirani aliye juu yako na aliye chini yako. Shamba moja haliwezi kulikinga lambo la kijiji, ila mashamba ya mteremko mmoja yakishirikiana yanaweza.